Daraja Baina ya Waya na Hewa

Mwenye ofisi ambaye watumishi wake sita hukaa chini na kompyuta zilizofungwa kwa waya, na wanne hukaa ghorofani na kompyuta mpakato zinazotumia Wi-Fi, aghalabu hamjii fundi akitaka daraja. Humjia akilalamika kwamba printa iliyo chini haionekani juu, kwamba faili la mishahara lililo katika kompyuta ya karani halifunguki ghorofani, na kwamba kila mtu anayo intaneti lakini hakuna amwonaye mwenzake. Fundi akipanda ngazi kutazama, hukuta ruta mbili: ile ya kwanza, iliyo chini, ikigawa anwani zinazoanza na 192.168.1, na nyingine, iliyonunuliwa baadaye dukani na kuchomekwa vilevile ilivyotoka kwenye kasha, ikigawa zake zinazoanza na 192.168.0, kila moja ikijiona sultani wa nchi yake.

Dawa ya hali hiyo ni kuziondolea nchi hizo mbili mpaka, na chombo cha kuuondoa ndicho mafundi wakiitacho daraja. Ruta husoma anwani ya IP iliyo ndani ya pakiti na kuamua njia; daraja halifungui barua, hutazama bahasha tu, yaani anwani ya MAC yenye biti 48 ambayo kila kadi ya mtandao hutoka nayo kiwandani, kisha huipitisha fremu, yaani bahasha pamoja na kilichomo, upande wa pili au huiacha ilipo. Kwa hiyo kompyuta za pande zote mbili hudhani zimo katika waya mmoja, hutumia safu moja ya anwani za IP, na printa hujitangaza ikasikika kotekote.

Kabla sijaendelea, msomaji, niseme jambo ambalo fundi mwenye tamaa ya ujira asingelisema: ikiwa hiyo ruta ya pili ina chaguo la kufanya kazi kama kituo cha Wi-Fi kitupu, bila kugawa anwani, basi lichague, chomeka waya, na kazi imekwisha, maana kikasha kile chenyewe ni daraja la waya na hewa lililoundwa tayari. Maelezo yafuatayo ni ya yule asiye na chaguo hilo, au aliye na kompyuta kuukuu yenye Linux aitakayo iifanye kazi hiyo, au atakaye kujua kinachotendeka ndani ya kikasha ili siku kitakapomgomea asibaki kukizima na kukiwasha.

Daraja huanza kazi likiwa jinga kabisa, wala hakuna mtu alifundishaye nani yuko upande gani. Hujifunza kwa kumtazama anayetoka, si anayekwendewa: fremu ikiingia kwa mlango wa waya, daraja husoma anwani ya mtumaji na kuandika katika daftari lake kwamba huyu yuko upande wa waya, na kama anayepelekewa hajaandikwa bado, fremu hiyo humwagwa milango yote isipokuwa ule iliyoingilia. Jina lisiposikika kwa muda wa sekunde 300 hufutwa, na likisikika kwa mlango mwingine huandikwa upya huko papo hapo, ndiyo sababu mtu akihamisha kompyuta yake kutoka tundu moja kwenda jingine haharibikiwi na kitu. Daftari hilo ndilo mambo yote, na mbele tutalifungua tulisome kwa macho.

Mitandao ya pande mbili ikiwa ya namna moja, kazi inakomea hapo. Ikiwa ya namna mbalimbali, daraja sharti liwe na mkalimani pia, na ukalimani huo ndio uliowakondesha mafundi wa miaka ya 1980 na 1990, walipotakiwa kuunganisha Ethaneti na Token Ring ambayo IBM iliileta sokoni mwaka 1985, au na FDDI, mtandao wa nyuzi za kioo wa megabiti 100 kwa sekunde. Ethaneti hubeba mzigo wa baiti 1,500 katika fremu moja; FDDI iliweza kubeba zaidi ya 4,300, na Token Ring ya megabiti 16 zaidi ya 17,000; na kwa kuwa daraja halina idhini ya kukata fremu vipande, kubwa iliyofika kwenye mlango mwembamba ilitupwa kimya kimya, bila mtumaji kuambiwa lolote. Baya zaidi lilikuwa la hati: Ethaneti hupeleka biti za kila baiti ikianzia na ndogo, Token Ring ikianzia na kubwa, hata anwani ileile moja, ikiwa imenukuliwa ndani ya ujumbe na si juu ya bahasha tu, ilisomwa kinyume upande wa pili, mfano wa barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu ikasomwa na mtu aanzaye kushoto.

Token Ring imekufa, nasi hatuna haja ya kufukua kaburi lake, ila somo lake limebaki: kabla ya kuunganisha, jua kila upande unaruhusu nini na unakataza nini. Kwa upande wa Ethaneti na Wi-Fi, ukubwa wa mzigo hautusumbui, kwa sababu fremu ya hewani yaweza kuchukua hata baiti 2,304, nasi tutakaa katika zile 1,500 za waya. Kinachosumbua ni nafasi za anwani juu ya bahasha.

Fremu ya Ethaneti ina nafasi mbili: ya apelekewaye na ya apelekaye. Fremu ya Wi-Fi itokayo kwa mteja kwenda kituoni ina tatu: ya kituo kinachopokea, ya mteja anayetuma hewani, na ya huko mwisho wa safari. Itazame kwa makini ile ya pili. Anayetuma hewani na mwenye barua ni mtu mmoja. Hapana mahali pa kuandika kwamba barua hii si yangu, nimepewa tu na jirani yangu aliye nyuma yangu kwa waya. Kituo nacho hakipokei barua ila kwa mtu aliyejiandikisha kwake, na jirani yule hakujiandikisha. Kutoka kituoni kwenda kwa mteja, ile nafasi ya tatu huandikwa mwenye barua wa asili, kwa hiyo kituo chaweza kuwakilisha nyumba nzima iliyo nyuma yake, ilhali mteja hujiwakilisha nafsi yake peke yake.

Natija yake ni kanuni ambayo kama ningaliambiwa mapema ningaliokoa usiku mwingi: kompyuta iliyojiunga na Wi-Fi ya mwingine kama mteja haifai kuwa daraja. Ukijaribu kuitia kadi yake katika daraja, Linux hukujibu kwa ufupi, Operation not supported, na mtu hudhani kadi yake ni mbovu, akaenda kununua nyingine, nayo ikamjibu vivyo hivyo. Kompyuta ya daraja na iwe yenyewe ndiyo kituo. Iwaitie watu wa hewani, na mgongo wake uwe kwenye waya.

Basi na tuingie kazini. Nachukua mfano wa kompyuta yenye Debian, yenye kadi moja ya waya iitwayo enp3s0 na moja ya Wi-Fi iitwayo wlp2s0. Majina ya kwako utayaona kwa amri ya ip link. Kwanza hakikisha kadi ya Wi-Fi yaweza kuwa kituo: toa amri ya iw list, teremka mpaka maneno Supported interface modes, na chini yake utafute herufi AP. Zisipokuwapo, hakuna ufundi utakaozileta, badili kadi.

Pili, chagua mgawaji mmoja wa anwani. Katika mtandao uliounganishwa kwa daraja, huduma ya DHCP iwe moja tu, na mwenye nayo aghalabu ni ile ruta ya chini iliyoshika intaneti. Ya juu ing'olewe kabisa. Wagawaji wakibaki wawili, mteja humfuata anayejibu mwanzo, na wewe utapata ugonjwa mchungu kuliko yote, ule unaotokea asubuhi na kupona wenyewe adhuhuri kabla hujafika.

Tatu, keti mbele ya kompyuta yenyewe, na kioo chake na kibodi yake. Usifanye kazi hii kutoka mbali kupitia mtandao uleule unaoubadilisha, maana mstari wa nne katika mistari ifuatayo hufuta anwani ya IP ya kadi ya waya, na aliyekuwa juu ya tawi hilo huanguka nalo. Kisha, ukiwa na mamlaka ya msimamizi, andika:

ip link add name br0 type bridge
ip link set br0 type bridge stp_state 1
ip link set enp3s0 master br0
ip addr flush dev enp3s0
ip link set enp3s0 up
ip link set br0 up
ip addr add 192.168.1.2/24 dev br0
ip route add default via 192.168.1.1

Mstari wa kwanza huliumba daraja, likiitwa br0; wa tatu huifunga kadi ya waya iwe mlango wake. Angalia kwamba anwani ya IP tumelipa daraja, hatukuupa mlango: tangu sasa kadi ya waya haina jina lake katika mtandao, ni mlango tu, na mlango hauandikiwi barua. Anwani hiyo ya 192.168.1.2 iwe nje ya zile zinazogawiwa na ruta. Ikiwa NetworkManager ndiye mwangalizi wa kadi zako, mwambie aziachie zote mbili kwa amri ya nmcli device set wlp2s0 managed no, na vivyo kwa enp3s0, ama sivyo utajenga wewe naye abomoe nyuma yako.

Mlango wa hewa hatuufungi kwa mkono; tunamwachia hostapd, programu inayoifanya kadi iwe kituo, nayo huutia mlango katika daraja yenyewe. Faili lake ni /etc/hostapd/hostapd.conf, na ndani yake:

interface=wlp2s0
bridge=br0
driver=nl80211
country_code=TZ
ssid=Ofisi
hw_mode=g
channel=6
ieee80211n=1
wmm_enabled=1
wpa=2
wpa_key_mgmt=WPA-PSK
rsn_pairwise=CCMP
wpa_passphrase=neno-lako-la-siri

Mstari wa pili, bridge=br0, ndio roho ya faili zima, na ndio usahauliwao zaidi; ukiuacha, watu wa ghorofani wataunganishwa, wataona alama ya Wi-Fi imejaa, na hawatapewa anwani hata moja. Herufi za nchi ziwe za nchi uliyomo, TZ au KE au OM, kwa kuwa ndizo zinazoiambia kadi ni masafa gani yaruhusiwayo na kwa nguvu gani. Chaneli chagua baina ya 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani. Neno la siri lisipungue herufi 8 wala kuzidi 63. Katika Debian huduma hii huja imefungwa makusudi, kwa hiyo ifungue kwa systemctl unmask hostapd, kisha uiwashe kwa systemctl enable --now hostapd.

Mstari wa stp_state, ule uzuiao fremu zisizunguke bila kikomo, nataka kuueleza kwa kirefu, kwa sababu niliwahi kuuacha. Ilikuwa katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, zile ambazo kuta zake zina unene wa nusu mita na zaidi na Wi-Fi haipenyi chumba cha pili; nikaweka kompyuta ya daraja juu penye ngazi, yenye kadi mbili za waya, moja ikienda kwenye swichi ya chini na nyingine nikaiacha na waya wake ukining'inia, nikikusudia kuja kuuvuta mpaka chumba cha nyuma wiki ifuatayo. Daraja ni moja, nikajisemea, kuzuia mzunguko kwa nini? Kesho yake saa tatu asubuhi napigiwa simu: hakuna kitu kinachofanya kazi, si intaneti, si printa, si faili. Nilipofika sikuhitaji kuuliza, maana taa za swichi, ambazo siku zote humeta moja moja kama watu wanaozungumza kwa zamu, zilikuwa zikiwaka zote kwa pamoja bila kupumua. Mfagiaji, mtu mpenda usafi, aliuona waya unaning'inia na tundu la swichi liko wazi, akauchomeka.

Fremu ya Ethaneti haina hesabu ya umri. Pakiti ya IP hupunguziwa namba kila ipitapo ruta mpaka ife, fremu haifi. Swali moja tu la kompyuta, nani mwenye anwani hii, ambalo kwa desturi hutumwa kwa wote, lilitoka kwa waya wa kwanza, likarudi kwa wa pili, likamwagwa tena, likajizidisha na kujizidisha mpaka waya ukajaa swali hilohilo. Niliuchomoa ule waya, na taa zikatulia mara moja.

Dawa yake ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa katika kampuni ya Digital Equipment, na ikaingizwa katika kanuni ya IEEE iitwayo 802.1D, iliyotolewa mwaka 1990. Madaraja hupelekeana salamu kila sekunde 2, humchagua mmoja awe shina, yule mwenye kitambulisho kidogo kuliko wote, kisha kila daraja hubakiza njia moja tu ya kuliendea shina na kuziba nyingine zote. Njia iliyo wazi ikikatika, iliyozibwa hufunguliwa. Lau ningaliuandika ule mstari, daraja lingaliisikia salamu yake lenyewe ikirudi kwa mlango wa pili, likauziba, na mfagiaji asingalijua alichofanya. Bei yake ni subira: mlango mpya hukaa sekunde 15 ukisikiliza na 15 ukijifunza, jumla 30, kabla haujapitisha kitu, na kompyuta yenye pupa yaweza kukata tamaa ya kupewa anwani katika muda huo, ikitokea, iamuru iombe anwani upya bila kuuchomoa waya, au ipunguze subira hiyo kama una yakini na nyaya zako. Kadhalika, zipo swichi za bei ya chini zinazozimeza salamu hizo badala ya kuzipitisha, basi ukiona waya unaning'inia uondoe, usimtegemee Perlman kwa kila jambo.

Fauka ya hayo, fikiri ni kina nani unaowakutanisha. Mgeni aliyepewa neno la siri ili asome barua zake sasa yumo katika waya mmoja na kompyuta ya mhasibu. Kuna mstari wa hostapd, ap_isolate=1, ambao watu huuandika wakadhani wamejikinga, kumbe huwatenga wa hewani wao kwa wao tu, wala hauwazuii kushuka upande wa waya. Mgeni apewe mtandao wake mbali usioingia darajani. Tena kila tangazo la waya hupanda hewani, na hewani matangazo hutumwa kwa kasi ya chini kabisa ambayo kituo kinairuhusu, hata ikawa megabiti 1 kwa sekunde; ofisi ya kompyuta kumi haitahisi kitu, lakini aliye na mamia ya kompyuta za waya asizipandishe zote juu ya Wi-Fi moja.

Na vipi kama waya haufiki kabisa, na lazima majengo mawili yaunganishwe kwa hewa, kila moja likiwa na kompyuta zake za waya? Hapo ipo bahasha ya nafasi nne, inayoongeza ile nafasi ya mwenye barua tuliyoikosa. Upande wa kituo ongeza wds_sta=1 katika faili la hostapd; upande wa mteja toa amri ya iw dev wlp2s0 set 4addr on kabla ya kujiunga, kisha itie kadi darajani, nayo itakubali. Lakini pande zote mbili sharti ziwe zako na zielewane, kwa kuwa watengenezaji hawakuafikiana vyema juu ya jambo hili. Kituo cha mtu mwingine hakitakusikiliza. Pasipowezekana, usishindane: achana na daraja, tumia ruta, na printa iandikie anwani yake kwa mkono.

Baada ya kujenga, kagua. Amri ya bridge link ikuonyeshe milango yote miwili, kila mmoja mbele yake neno forwarding. Kisha lifungue lile daftari kwa bridge fdb show br br0, chukua simu ya mtu wa ghorofani usome anwani yake ya MAC, uitafute; iwe mbele ya wlp2s0, na ya printa iwe mbele ya enp3s0. Simu za siku hizi huficha anwani ya kweli na kutumia ya bandia kwa kila mtandao, basi isome katika ukurasa wa mtandao ule, si katika maelezo ya simu. Mwisho pima upana wa njia kutoka kompyuta ya Linux iliyo juu: ping -M do -s 1472 192.168.1.1. Hizo 1,472 pamoja na baiti 28 za vichwa ndizo 1,500 kamili. Zikijibiwa, hakuna mlango mwembamba njiani.

Ikiwa kila kitu ni sahihi na bado fremu hazivuki, uliza kama kompyuta hiyo ina Docker. Programu hiyo yaweza kuleta sehemu ya kiini cha Linux iitwayo br_netfilter, inayozipitisha fremu za daraja mbele ya mlinzi wa IP, na mlinzi huyo Docker imemwamuru akatae kila kinachopita ila kilichoruhusiwa. Angalia kwa sysctl net.bridge.bridge-nf-call-iptables, jibu likiwa 1, ama liweke 0, kama hakuna kinachoitegemea, ama, lililo bora, Docker uihamishie kompyuta nyingine.

Amri zote za ip nilizokuandikia hufutika umeme ukikatika. Ili zidumu, andika katika /etc/systemd/network faili la 10-br0.netdev:

[NetDev]
Name=br0
Kind=bridge

[Bridge]
STP=yes

na la 20-waya.network:

[Match]
Name=enp3s0

[Network]
Bridge=br0

na la 30-br0.network:

[Match]
Name=br0

[Network]
Address=192.168.1.2/24
Gateway=192.168.1.1

kisha systemctl enable systemd-networkd. Usingoje umeme ukatike wenyewe. Jioni watu wakishaondoka, zima swichi kubwa ya ukutani, hesabu mpaka kumi, iwashe, uketi ghorofani na simu mkononi bila kugusa kibodi. Ikipita dakika mbili au tatu na printa ya chini ikatoa ukurasa ulioutuma kutoka huko juu, funga mlango uende zako.